Nchi ya Pazia la Tundu Moja

Ulimwona. Usiniambie hukumwona, maana mimi nilikuona ukimwona. Mdomo wake ulikuwa umeanguka upande, jicho halifumbiki, chai inamchuruzika pembeni mwa midomo, na wewe ukageuza shingo kana kwamba kuna mtu amekuita. Ulipofika nyumbani ukasema kapigwa na upepo mbaya. Mwenzio akasema kalogwa. Wa tatu akasema kiharusi, wa nne akasema presha, na mlipokwisha kumgawana hivyo mkala wali wenu mkalala. Mimi sisahau. Kukumbuka ndiyo kazi niliyojipa mwenyewe, sikupewa na mtu. Kwa hiyo leo utakaa unisikilize habari za nchi niliyoiona, ambako kugeuza shingo kumepitishwa kuwa sheria, kisha utaniambia kama raia wake hawafanani na watu unaowajua.

Nchi yenyewe inaitwa Vipandeni. Nilifikaje huko si hoja. Mwenye hamu ya habari za njia akawaulize wasafiri wanaopenda kuhesabu mabonde. Nilichokikuta ndicho hoja.

Huko, mwili wa raia ni ramani. Kila kiungo ni jimbo, na kila jimbo lina gavana, bendera na wimbo wake. Zamani, waliniambia kwa sura za watu waliofiwa jana, kulikuwa na Vita vya Pua. Gavana wa Uso alidai pua ni yake kwa kuwa iko usoni. Gavana wa Kifua akadai ni yake kwa kuwa ndiyo lango la pumzi. Wagonjwa wakafa kwenye foleni wakimsubiri mshindi. Amani ilipopatikana, pua ikagawanywa, tundu moja huku, tundu moja kule, na ikatungwa Sheria ya Mpaka ili balaa lile lisirudi tena.

Sheria ya Mpaka inasema hivi: gavana hamwoni mgonjwa ila kupitia pazia nene lenye tundu moja, na ukubwa wa tundu ni sawa na ukubwa wa jimbo lake. Ukienda kwa Gavana wa Jicho unaweka jicho kwenye tundu la jicho. Ukienda kwa Gavana wa Goti unapandisha goti. Kinachobaki nyuma ya pazia hakionekani, na tena hakitajwi. Mgonjwa akikitaja, askari aliyesimama kando anapiga bati kwa rungu na kusema, "Nje ya mpaka." Nao wanajivunia. Karani mmoja aliniuliza, kwa huruma ya kweli kabisa, "Kwani huko kwenu daktari anamtazama mtu mzima? Masikini, si anachanganyikiwa?"

Nilifikiria kwetu, nikaona afadhali ninyamaze.

Siku hiyo niliyoingia mji mkuu nilikuta kicheko uwanjani. Mpiga mbiu wa mji, mwanamke wa makamo, alikuwa amesimama juu ya jukwaa la mawe na baragumu mdomoni. Anapuliza, baragumu halilii. Linatoa upepo na mate. Nusu ya mdomo wake ilikuwa imelala, haikuweza kulibana. Wahuni wakamwiga kwa kupinda midomo.

"Chekeni," akasema mwanamke mwingine aliyesimama chini ya jukwaa na ndoo ya maji. "Siku nyumba zenu zikishika moto mtaitana kwa miluzi."

Mwenye baragumu aliitwa Mize. Mwenye ndoo alikuwa Siwema, dada wa mumewe, wifi yake, ambaye tangu kaka yake aende kazi za mbali ndiye aliyekuwa akimshika Mize mkono kumpeleka kila anakokwenda. Nilidhani ndoo ni ya kunawia. Mize aliposhuka aliiinamia akanywa, akapumua, akanywa tena, mpaka nikakiona kitako cha ndoo.

"Usishangae, mgeni," Siwema akaniambia. "Hii ya pili tangu asubuhi. Nimeolewa na kisima."

"Tangu lini yuko hivi?" nikauliza.

Mize akanitazama kwa jicho la kulia, la kushoto likiwa wazi lakini halina mtu ndani. "Ulianza uso, ndugu," akasema. "Ukaanguka upande huu, ukainuka, ukaanguka upande wa pili. Kisha jicho la kushoto likaingia ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Sasa la kulia nalo asubuhi linachelewa kuamka. Na kiu. Na hapa shingoni vijitezi kama kunde. Kila gavana nimempelekea chake, na kila mmoja kaniambia kitu chake."

"Na dawa unatumia?"

"Dawa ya Gavana wa Kifua. Nimeinywa msimu mzima. Mkojo umekuwa rangi ya chungwa, na jicho limezidi kuzimika."

Hapo lazima nieleze ukubwa wa Gavana wa Kifua. Miaka mingi iliyopita alipigana na kifua kikuu akakishinda, au karibu akishinde, na kwa heshima ya vita hivyo nchi ilimpa haki ya kupewa kila uvimbe usio na jina. Ukiwa na tezi isiyoeleweka, wewe ni wake. Unaandikiwa kifua kikuu cha muda, na cha muda hicho hakina mwisho isipokuwa mmoja, ambao mnaujua. Simdharau mtu yule, kwani vita vyake vilikuwa vya kweli na kifua kikuu kinaua watu mpaka leo. Nilichokikataa ni kwamba mtu aliyeshinda vita vimoja apewe ushindi wa vita ambavyo hajavipigana.

Nikawaambia ninaandamana nao. Siwema akanipima kwa macho toka utosini hadi kandambili. "Una kazi?" akauliza. Nikamwambia kazi yangu ni kuwakera wakubwa. "Basi chukua ndoo," akasema, "nipumzishe bega."

Tulianzia Jimbo la Uso. Mize akaupeleka uso wake kwenye tundu, na sauti ikatoka upande wa pili, nzuri, yenye mafuta: "Uso umelala upande. Ni upepo. Ukandwe kwa mafuta ya moto."

"Shikamoo, Mheshimiwa," Siwema akasema. "Alikandwa mara ya kwanza, ukaja ukaanguka wa pili. Na jicho lake..."

Bati likalia. Nje ya mpaka.

Jimbo la Jicho lilikuwa na gavana mwangalifu, na namwandika hivyo kwa haki. Alimulika jicho la kushoto muda mrefu, akamulika la kulia, akarudi akamulika tena. Nikamsikia akipumua kwa nguvu nyuma ya pazia.

"Mboni ni nzima," akasema polepole. "Kilichovimba ni mshipa wa fahamu ulio nyuma yake, ule unaochukua picha kuipeleka ndani. Wa kushoto umeshanyauka. Wa kulia umeanza."

"Basi utibu, baba," Mize akasema.

"Mshipa huo ukishatoka nyuma ya jicho unaingia kichwani. Kichwani si kwangu."

"Sasa wewe unaona moto, na ndoo unayo, ila nyumba si yako?" Siwema akamuuliza.

"Naam," akajibu yule mtu, na niliisikia aibu katika sauti yake, lakini aibu haikulipasua pazia.

Kwa Gavana wa Kichwa kulikuwa na mtambo mkubwa wa kupigia picha ndani ya fuvu, na alikuwa mtu wa elimu kubwa kuliko wote. Alitutolea matokeo kama anayesoma shairi. "Utando unaoufunika ubongo umevimba upande wa chini," akasema. "Umezunguka mahali inapopita mishipa ya macho na ya uso. Umekikamata pia kitezi kidogo kinachotawala kiu."

Tuliruka wote watatu. "Ndiyo hiyo," Siwema akasema. "Anakunywa ndoo nzima, Mheshimiwa, halafu..."

Bati. "Kiu ni Jimbo la Koo," askari akasema.

Nilishika nguzo nisije nikampiga mtu. Yule msomi alikuwa amekitaja kitezi cha kiu kwa mdomo wake, na mwenye kiu amesimama mbele yake na ndoo, wakakatazwa kukutana kwa bati la kopo la mafuta.

"Je, ni ugonjwa gani?" nikauliza.

"Picha kama hii inaweza kuwa ya magonjwa mengi," akasema. "Kifua kikuu cha ubongo. Saratani ya damu. Kinga ya mwili kula mishipa ya fahamu. Vidudu vya aina tele. Nimechukua maji ya uti wa mgongo. Yana askari wengi wa damu, zile chembe nyeupe za kinga, wamekusanyika kwa fujo, lakini mdudu sikumwona, na nimeyaotesha maabara nione kama mdudu atakua, hakuota kitu. Kujua siwezi. Suala linakwenda Barazani."

Baraza la nchi ile linaitwa Baraza la Kukanusha, kwa sababu kazi yake si kusema ugonjwa ni nini bali kusema si nini. Wajumbe hukaa kwenye mabenchi ya duara, wamekizunguka kiti kimoja kitupu, ambacho ni cha ugonjwa wenyewe, uje ukalie utakapojulikana. Wana kura za aina mbili, jiwe jeupe la "Ndiyo kabisa" na jiwe jeusi la "Siyo." Neno la tatu hawana. Na wana kanuni ya ushahidi wanayoiimba wamesimama: kinachodaiwa kuwa jimboni kithibitishwe kwa kipande kilichokatwa jimboni humo.

Mkuu wa Baraza, mzee mwenye sauti ya mtu asiyewahi kukatizwa, alisimama akasema kwamba kwa kuwa maradhi ya Mize yanadaiwa kuwa katika utando wa ubongo, basi fuvu lifunguliwe kikatwe kipande cha utando wa ubongo. Mpaka hapo hakuna dawa nyingine ila ya Gavana wa Kifua. Akapanga ufunguzi wa fuvu uwe baada ya sikukuu ya bendera.

Mize alisikiliza, kisha akasema kwa utulivu, "Kichwa changu si nazi, waheshimiwa."

"Binti, usiogope. Wengi huamka," Mkuu akamwambia.

Tukatoka nje. Siwema alikuwa hasemi, na Siwema asiyesema ni jambo la kutisha. Akakaa kwenye ngazi akatoa tende kwenye kitambaa akaanza kula, mbegu anazitunza mkononi. Pembeni yetu, kivulini, alikaa bwana mnene aliyevaa mkufu wa ugavana, anamenya karanga. Mlango uliokuwa nyuma yake ulikuwa na vumbi.

"Na wewe ni gavana?" Siwema akamuuliza, maana ugomvi ulikuwa umemjaa akitafuta pa kuumwaga.

"Mbaruku, Gavana wa Ngozi," akasema. "Karibuni karanga."

"Huna wagonjwa?"

"Wanakuja wa mapunye na upele. Jimbo langu ni dogo, dada yangu. Hawaniiti hata Barazani."

"Jimbo dogo. Liko wapi hilo jimbo lako?"

"Ngozi."

"Ngozi ya wapi? Ya sikio? Ya kisigino?"

Mbaruku akacheka akafungua kinywa kujibu, kisha akakiacha wazi. Karanga ikamdondoka. Mimi nami nikasimama, kwa sababu tulikuwa tumeliona jambo lile lile kwa pamoja, naye ndiye alikuwa gavana.

"Ya mwili mzima," akasema polepole.

"Na tundu la pazia," nikamuuliza, "sheria inasema liwe na ukubwa gani?"

"Sawa na jimbo." Alinyanyuka, na alipokuwa amesimama sikumwona tena mnene wala mvivu. "Miaka yote nimekaa na tundu la kiganja, kwa kuwa nilirithi pazia lenye tundu la kiganja. Hakuna aliyelipima. Nami sikulipima." Akausukuma ule mlango wenye vumbi, tukaingia, akageuka kwa Siwema. "Dada yangu, nipe mkasi huo hapo mezani."

Alilikata pazia lake kutoka juu hadi chini, akalikata pembe zote nne, mpaka tundu likawa pazia na pazia likawa uzi mmoja pembezoni. Askari wake aliinua rungu, akalitazama bati, akamtazama bosi wake, akauliza, "Mheshimiwa, sasa nje ya mpaka ni wapi?"

"Kaa chini ule karanga," Mbaruku akamwambia.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu augue, Mize akasimama mbele ya tabibu akiwa mtu mzima. Nadhani alikuwa hajawahi kumwona mgonjwa mwenye uso. Kisha akaanza kuuliza, na maswali yalimtoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Uso ulianza lini? Jicho lilifuata baada ya muda gani? Unakunywa kiasi gani, unaamka kukojoa? Unakohoa? Kikohozi kikavu au cha makohozi? Siwema alikuwa anajibu kabla ya Mize, Mize anamsahihisha, wote wawili wanasema kwa pamoja, na hakuna bati.

Akapapasa tezi za shingo. Akashuka mikononi, magotini. Kwenye goti la kulia akasimama. "Kovu hili?"

"La utotoni," Mize akasema. "Nilianguka kwenye mawe."

"Lilikuwa hivi?"

Tukainama kutazama. Kovu la zamani lilikuwa limeinuka, jekundu la zambarau, gumu kama kamba chini ya ngozi.

"Lilikuwa bapa," Mize akasema. "Limeinuka mwaka ule ule wa uso. Sikulitaja. Nani angeuliza goti kwa ajili ya jicho?"

Mbaruku akaomba ruhusa yake, akatia ganzi, akakata kipande kidogo cha kovu, kidogo kuliko punje ya mchele. Mize hakukunja hata ule upande mzima wa uso. Bwana yule akakibeba kipande kwenye hadubini iliyokuwa imefunikwa kwa kitambaa cha meza, akaiinamia. Alipoinuka macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyeona mwezi wa Idi.

"Twendeni Barazani," akasema.

"Hawajakuita," nikamwambia.

"Ngozi haisubiri kuitwa. Wote mle ndani wameivaa."

Tuliingia kwa kishindo. Mkuu wa Baraza alitaka kututoa, lakini Mbaruku alikuwa ameshafika katikati, kando ya kile kiti kitupu.

"Nimekata kipande cha kovu," akasema. "Ndani yake nimeona vinundu. Kila kinundu ni askari wa mwili waliojikusanya duara, wameshikana mabega, wanalinda kwa bidii kubwa. Nikatazama katikati wanamlinda nani au wamemzingira nani. Katikati hakuna kitu."

Wajumbe walikuwa wamekaa duara, bega kwa bega, wamekizunguka kiti kitupu, na mmoja mmoja walianza kukitazama kile kiti na kuona haya. Mjumbe mmoja akajisogeza kidogo mbali na mwenzake.

"Vinundu hivyo hata kifua kikuu kinavyo," Gavana wa Kifua akasema. Alikuwa mzee mrefu, na hakuwa mjinga. "Nani kakwambia adui hajajificha?"

"Kinundu cha kifua kikuu katikati huoza kama maziwa yaliyoganda. Hivi havijaoza. Nimemtafuta mdudu wako kwa kila rangi ya hadubini inayomfichua, hayumo. Mwenzetu wa Kichwa ameyaotesha maji ya mgongo, hayumo. Na mama huyu amekunywa dawa yako msimu mzima. Wewe mwenyewe niambie, kifua chake umekionaje?"

"Picha ninayo tangu mwanzo," Gavana wa Kifua akasema. "Tezi za kifuani zimevimba pande zote mbili, sawasawa, kama mapacha."

Gavana wa Kichwa akaruka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulinitumia salamu za sikukuu."

Hapo ukumbi ukawaka. Wa Jicho akasimama akataja mshipa. Wa Kichwa akataja utando na kitezi cha kiu. Wa Koo, ambaye alikuwa amesinzia, akauliza, "Kiu ipi?" akaambiwa, akashika kichwa. Kila mmoja alitoa kipande alichokuwa amekaa nacho, na vile vipande vilikuwa vinashikana mbele ya macho yetu, tezi kwa kovu, kovu kwa uso, uso kwa jicho, mpaka nikajaa furaha na hasira nisijue ipi ni ipi. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Kinga ya mwili ilikuwa imejikusanya vinundu bila adui, kifuani, shingoni, gotini, na kwenye mishipa ya fahamu. Huku kwetu wanaoujua wanauita sarkoidosisi. Mle ukumbini hakuwapo aliyekosa akili. Walikosa dirisha tu.

"Tumwanzishie dawa ya kuwalaza hao askari," Mbaruku akasema. "Leo."

"Na ukiwalaza, na mdudu wangu yumo kajificha?" Gavana wa Kifua akauliza. "Utakuwa umemfungulia mlango."

Swali lilikuwa la haki, na Mbaruku hakulirukia. "Basi wewe utakaa naye karibu, umpime kila anapokuja, na ukiona dalili ya mdudu utaniambia. Hatari ipo. Lakini kungoja nako ni hatari, tena hiyo tunaiona ikitembea."

Mkuu wa Baraza akagonga meza. "Ushahidi umetoka gotini. Dai liko ubongoni. Kwa kanuni, jiwe jeupe haliwezekani."

"Sisemi ndiyo kabisa," Mbaruku akajibu. "Nasema yaelekea. Yaelekea sana."

"Neno hilo hatuna jiwe lake."

Nawaapia, waliacha kila kitu wakajadili rangi ya jiwe. Mmoja alitaka kijivu. Mwingine akasema kijivu kitaonekana kama woga. Wa tatu akaomba iundwe kamati ya rangi. Mimi nikapaza sauti kutoka nyuma, nikaulizwa nina shahada gani, nikasema nina macho mawili, wakaniamuru nikae. Na katikati ya makelele yale Mize, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, jua la saa sita limemjaa mapajani, akauliza kwa sauti ya kawaida:

"Wifi, nani kafunga madirisha?"

Hakuna aliyekuwa amefunga dirisha lolote.

Siwema akasimama. Alikwenda hadi kwenye kile kiti kitupu, akafungua kiganja, akaweka juu yake mbegu moja ya tende, nyeupe si nyeupe, nyeusi si nyeusi, bado ina unyevu wa mdomo. "Rangi hiyo hapo," akasema. "Pigeni kura, maana wifi yangu anaingia gizani ninyi mkichagua rangi kama ya kitambaa."

Gavana wa Jicho ndiye aliyeanza. Alinyoosha mkono akamwomba mbegu. Akafuata wa Kichwa. Siwema akapita kwenye mabenchi kama anayegawa halua arusini, na walipomaliza mbegu wakachukua karanga za Mbaruku. Wa mwisho alikuwa Gavana wa Kifua. Akaigeuzageuza mbegu yake, akasema, "Nitakuwa mlangoni kwake kila wiki, hilo mlijue," kisha akaiweka.

Dawa iliingia kwenye mshipa wa mkono wa Mize kabla jua halijainama. Siku za kwanza tulikaa naye kwa zamu, hakuna aliyethubutu kumuuliza chochote. Kiu ilipewa dawa yake peke yake, ikatulia. Uso ukaanza kujikusanya. Kisha asubuhi moja Siwema alikuwa anamfunga kilemba, na Mize akamshika mkono akamtazama usoni kwa jicho la kulia, akamtazama sana.

"Wifi," akasema, "kumbe umekonda hivi? Na hicho kidevu chako bado kibaya vile vile."

Siwema akamtukana tusi la mapenzi ambalo sitaliandika, akakaa sakafuni, akajifunika kanga uso mzima, mabega yakawa yanamtikisika.

Jicho la kushoto halikurudi. Niliuliza mara nyingi, kwa magavana wote, na jibu lilikuwa moja: mshipa ulikufa ndani ya ule msimu wa kupelekwa huku na huku. Halikuuawa na maradhi peke yake. Liliuawa na bati.

Ungedhani nchi ilibadilika. Baraza lilikaa siku ya saba yake likajipongeza kwa hekima, likaamua kwamba kisa cha Mize kilikuwa cha pekee, likampimia Mbaruku jimbo jipya, ngozi ya kiganja na isizidi hapo, na likaagiza pazia lake lishonwe upya kwa nguo nene zaidi. Mbaruku alikataa kulitundika. Walipokuwa wanamvua mkufu, mimi nikatoka nje, na pale ngazini nikakuta mwanamume kijana ameshikwa na mama yake. Mdomo wake ulikuwa umeanguka upande. Mama alikuwa anajaribu kumweleza askari kwamba mwanawe pia anapepesuka, na miguu inamfa ganzi, na kuna uvimbe mwekundu kwenye kovu la bega. Askari alikuwa ameinua rungu juu ya bati.

Nililidaka lile rungu kabla halijashuka, nikafukuzwa nchi kwa ajili hiyo, na sijuti. Lakini sikuandika haya ili usome habari zangu. Yule kijana si wa Vipandeni peke yake. Yuko mtaani kwenu, yuko chumba cha pili, pengine ni huyo uliyempa jina la upepo. Basi inuka. Usingoje kumaliza chai. Nenda kamgongee mlango, mkae, umuulize kila kitu toka utosini hadi unyayo, na usimkatize: uso, macho, kiu, kikohozi, ganzi, tezi, makovu ya zamani. Kisha mfuate hospitali, uingie naye ndani, uyaseme yote mbele ya daktari mmoja, kwa mpigo mmoja. Akikuambia hilo si langu, muulize ni la nani, na umwombe aongee naye leo hii ukiwa umekaa hapo hapo. Mkiambiwa ni kifua kikuu na dawa hazimsaidii, msiziache wenyewe. Rudini mkaulize nini kingine kinaweza kuwa, na kama kuna mahali pepesi pa kukata kipande kikatazamwe. Wakikasirika, wakasirike. Jicho lake la pili bado linaona. Simama uende.